Maji ya Mbithe

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimefika Sultan Hamud jua likiwa la kupasua mawe. Nimetumwa na kampuni kupima maji yaliyo chini ya kituo cha petroli cha Bwana Nyamai hadi mvua za vuli ziishe. Tangi la zamani la kituo, ambalo mwenye kituo wa kwanza alilizika chini ya lami, lilioza na kuvuja kwa muda ambao hakuna anayeujua. Nyamai alipokinunua kituo hakuambiwa. Mwaka jana alilichimbua tangi hilo akaweka jipya, lakini petroli iliyokwisha kumwagika ilibaki huko chini, ikielea juu ya maji ya ardhini kama mafuta juu ya mchuzi.

Kampuni ilichimba visima vinne vya kupimia. Ni mabomba membamba tu yenye vifuniko vya chuma. Cha nne kiko kwenye ua wa nyuma, na ng'ambo ya ua huo kuna boma la mjane anayeitwa Mbithe. Yeye ana kisima hasa, cha ndoo na kamba, na nusu ya mtaa huchota hapo. Ndiye aliyenipangisha chumba.

Nyamai amenipokea kwa soda na tabasamu refu. Sikumpenda.

Jumanne, 10 Oktoba

Kisima cha pili, karibu na pampu za dizeli: petroli imesimama juu ya maji, unene wa kiganja changu. Cha tatu, kidogo. Cha kwanza na cha nne, hakuna kitu.

Nimechota sampuli kwa Mbithe pia, ingawa hayumo katika kazi niliyopewa. Nitaituma Nairobi pamoja na nyingine.

Alhamisi, 12 Oktoba

Joto. Vumbi. Nimekunywa chai mara tatu kwa Ijabo, mwenye hoteli ya mabati nyuma ya kituo. Anapika mikate ya anjera na maharagwe, na madereva wa malori wanaijua chai yake hadi Mtito.

Jumatano, 18 Oktoba

Majibu ya maabara yamekuja. Maji ya Mbithe ni safi. Nilipomwambia alikuwa anapepeta pojo, na hakuinua hata kichwa.

"Si nilikuambia? Hiyo maji ilichimbwa na Mutie."

Mutie ni marehemu mumewe. Alikichimba kile kisima kwa mkono mwaka wa njaa, yeye chini na jirani yao Musembi juu akivuta udongo kwa ndoo. Walipiga mwamba, wakaupasua kwa moto na maji ya chumvi hadi ukalegea. Tangu siku hiyo Mbithe hajawahi kumtoza mtu. Anayetaka analeta mtungi. Ijabo humletea sukari, wengine humletea kunde, wengine hawaleti kitu na wanachota vilevile. Mtaani hawamwiti Mama fulani. Wanamwita Mbithe wa Maji.

Jumapili, 22 Oktoba

Kanisani wameombea mvua. Mchungaji alisema watabiri wa hali ya hewa wametangaza mvua kubwa mwaka huu na watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Mahindi ya msimu uliopita yalikauka yakiwa na urefu wa goti. Nilisimama katikati yao mikono juu, nikajikuta siombi.

Jioni Mbithe aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikamweleza. Maji ya ardhini sasa yako chini sana na yamelala karibu bila kusogea. Mvua ikinyesha yatapanda, yatapita kwenye udongo ulioloweshwa petroli, kisha yatateremka kufuata mteremko. Na mteremko unakuja kwake.

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Sasa wewe unataka mvua isinyeshe?"

"Hapana, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Nasema tu ikinyesha tupime mara kwa mara."

"Mimi nimepanda. Musembi amepanda. Mwanangu Mwongeli kule Kanyangi amepanda na tumbo la miezi saba. Halafu wewe unaogopa mvua." Akaingia jikoni. Chakula alinipa, lakini hakula na mimi.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mawingu. Hakuna kitu.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mawingu.

Jumamosi, 4 Novemba

Imekuja! Ilianza mchana kwa upepo uliobeba magunia na mabati, halafu ikashuka yote kwa pamoja. Wanawake walitoka nje na kulowa makusudi. Ijabo alisimama mlangoni mwa hoteli yake akicheka, ameinua sufuria kama anayemkaribisha mgeni. Hata Nyamai alitoka ofisini na suti yake, akakaa kwenye mvua kama ng'ombe. Mbithe alinivuta mkono nikatoka na mimi. Nilicheza. Ni nani angekataa?

Jumapili, 5 Novemba

Mvua.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua. Maji ya ardhini yamepanda karibu mita moja.

Jumatatu, 13 Novemba

Nilijua hili litatokea, na bado limenishtua. Nimeteremsha kipimo kwenye kisima cha pili mara tatu. Petroli iliyokuwa unene wa kiganja imekuwa kama ukucha. Kisima cha tatu hakina kabisa.

Nyamai alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli.

"Imeenda wapi?"

"Haijaenda. Maji yamepanda yakaifunika. Imeshikwa ndani ya udongo kama mafuta kwenye sifongo. Haielei tena, kwa hiyo haiingii kwenye bomba tukaiona. Maji yakishuka itarudi."

"Lakini kipimo kinasema haiko."

"Kipimo kinasema haiko kwenye bomba, Bwana Nyamai."

Alifunga mwavuli na kulowa, macho yamejaa maji ambayo si ya mvua. Aliniambia kwamba tangu mwaka jana hajalala vizuri. Kila akimwona mtoto wa shule akipita na chupa ya maji anajiuliza yametoka wapi. Mkewe huchota kwa Mbithe kama wengine. "Mungu amenionea huruma," akasema. Nilimfikiria kuwa mjanja tangu siku ya kwanza. Leo nimeona si mjanja. Anataka tu iwe imeisha, na mtu anayetaka hivyo ni vigumu kumkabili kuliko mjanja.

Nimempigia simu Ben, msimamizi wangu Nairobi. Yeye anaijua hii kazi kuliko mimi, ndiye aliyenifundisha habari ya maji kupanda. Amenisikiliza hadi mwisho.

"Uko sahihi," akasema. "Andika kipimo kama kilivyo, ongeza sentensi moja ya tahadhari. Lakini Muthoki, hiyo sentensi hakuna mtu ataisoma. Watasoma namba."

Jumapili, 19 Novemba

Nyamai ametoa ushuhuda kanisani. Alisimama mbele na ripoti yetu mkononi akasema Mungu ameosha ardhi kwa mvua. Hakudanganya hata neno. Alisoma namba, na namba ni zangu. Kanisa likasimama kuimba.

Nikanyoosha mkono. Mchungaji alinipa nafasi kwa upole. Nikasema petroli haijaoshwa, imejificha, na huenda sasa ndio inaanza kutembea. Nikaomba watu wasinywe maji ya Mbithe hadi nipate majibu mengine. Nilipomaliza nikasikia mabati yakilia kwa matone.

"Asante dada yetu kwa kazi yako," mchungaji akasema. "Kanisa, tumwombee dada Muthoki. Mungu amwondolee roho ya woga."

Wakaniombea. Waliniwekea mikono mabegani, mikono ya kweli, yenye joto, ya watu wanaonipenda. Mkono mmoja ulikuwa wa Mbithe.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimetuma sampuli. Mvua.

Ijumaa, 24 Novemba

Ijabo aliniita kabla wateja hawajaanza kuingia. Alinimiminia chai, akanisukumia kikombe. Nilikunywa kidogo.

"Unasikia?"

Nilisikia. Si ladha hasa. Ni kitu kinachokaa nyuma ya ulimi, kama pumzi ya mtu aliyeshinda gereji.

"Dereva moja amerudisha chai yake jana," akasema. "Mimi nikafikiri ni sufuria. Nikanunua sufuria mpya. Nikabadilisha majani. Leo nimechemsha maji peke yake. Si chai, dada. Ni maji."

Nilikwenda kwenye kisima cha Mbithe, nikavuta ndoo, nikaweka pua. Huko harufu ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu akitaka kukana angekana. Mbithe alikana.

"Hiyo ni kamba mpya. Kamba mpya inanuka."

Mwongeli alikuwa ameketi kwenye kizingiti miguu imevimba. Amekuja kujifungulia kwa mamake, wiki mbili sasa. Mkononi alikuwa na kikombe. Alinitazama mimi, akamtazama mamake, kisha akakiweka kikombe chini polepole kama chombo kinachoweza kupasuka.

Ijumaa, 1 Desemba

Majibu. Kuna benzini katika maji ya Mbithe, sumu ile ya petroli inayoharibu damu polepole. Imezidi kiwango kinachoruhusiwa, imezidi sana. Kwa harufu ndogo vile sikutarajia.

Nilimpigia Ben. Akaniambia mkataba wetu unahusu visima vinne vilivyo ndani ya ploti, kwa hiyo kisima cha Mbithe hatuwezi kukiingiza katika ripoti ila kwa ruhusa ya mteja. Nikamuuliza, na wewe unasema nini? "Mimi nasema nenda kwa mteja sasa hivi, na ukitoka hapo nenda ofisi ya kaunti. Mimi nitasema nilikutuma."

Nyamai aliisoma karatasi akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa ameketi. Nilingoja akatae. Alichukua simu mbele yangu akampigia mkewe, akamwambia amwage maji yote yaliyo nyumbani, hata ya kuoshea. Halafu akasema, "Twende tumwambie Mbithe. Mimi nitasema. Si wewe."

Tulimkuta Mbithe akimwagilia sukuma. Nyamai alisema kwa Kikamba, maneno machache, kofia mkononi. Mbithe hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza maswali mawili.

"Ikichemshwa?"

"Kuchemsha hakusaidii, mwaitu," nikasema.

"Ikiwekwa dawa?"

"Hapana."

Akaendelea kumwagilia hadi kopo likaisha, kwa sababu mboga zilikuwa zimebaki mstari mmoja. Kisha akakumbuka ni maji gani, akasimama katikati ya shamba lake asijue aweke wapi miguu.

Baadaye Mwongeli alinifuata chumbani. "Nimekunywa tangu nimekuja," akasema. "Mtoto atakuwa sawa?"

Nilisema ni wiki chache tu. Nilisema wengi hunywa na hawaoni kitu. Yote ni kweli. Aliniuliza tena, "Lakini atakuwa sawa?" Nikasema sijui.

Jumanne, 5 Desemba

Afisa wa kaunti amekuja. Kijana mwenye adabu, amechoka. Ameweka kibao: MAJI HAYA HAYAFAI KWA MATUMIZI YA BINADAMU. Amemwagiza Mbithe akifunike kisima na kukitia kufuli. Ameahidi lori la maji.

Jumatano, 6 Desemba

Lori limekuja. Foleni hadi barabarani.

Jumamosi, 9 Desemba

Lori limekuja tena, likakwama matopeni, likavutwa na trekta ya Nyamai.

Alhamisi, 14 Desemba

Lori halijaja. Daraja dogo limebebwa na mafuriko. Nyamai amekuwa akisafirisha mitungi kwa pikapu yake kutoka Emali, anaigawa mwenyewe bila malipo na kutukanwa huku akigawa. Pikapu moja haiwezi kunywesha mtaa.

Watu wameanza kuja kwa Mbithe. Mwanzo walibembeleza. Leo mwanamke mmoja anayeketi naye benchi moja kanisani alimwambia mbele yangu, "Tunajua wewe na Nyamai mmepatana. Mnataka tununue maji."

"Maji ina sumu," Mbithe akasema.

"Miaka yote haina sumu, leo kuna mashine ya kuvuta maji inakuja ndio iko na sumu? Wewe siku hizi umekuwa na roho ngumu."

Hakuna mashine yoyote. Sijui nani alianzisha hadithi hiyo. Mbithe alinigeukia. "Waambie." Nikaeleza. Nikatoa karatasi ya maabara. Wakaiangalia kwa heshima kama wanavyoangalia picha ya harusi ya mtu wasiyemjua. Mmoja akaniuliza inanuka? Nikasema njoo unuse, Mbithe akafungua kufuli. Akanusa ndoo. Leo, kwa bahati mbaya, haikunuka. Mvua ya jana ilikuwa imejaza kisima maji ya juu.

"Haina kitu hii," akasema, na wote wakamwona Mbithe kwa macho mapya.

Ijumaa, 15 Desemba

Kufuli limevunjwa. Asubuhi tumekuta matope ya miguu mingi na kamba yote imelowa.

Hakuna anayemwita tena Mbithe wa Maji. Leo dukani nimesikia wakimwita Mbithe wa Kufuli.

Jumamosi, 16 Desemba

Ijabo anafunga. Anahamia Emali kwa dadake Hani. Alileta sukari kwa Mbithe kama kawaida yake, ingawa hajachota huko tangu Novemba, na wakaketi pamoja. Akiondoka alinishika mkono. "Nilikuamini, dada," akasema. "Lakini kuamini hakujanisaidia."

Jumapili, 17 Desemba

Mbithe hakwenda kanisani. Niliporudi kabla ibada haijaisha, nilimkuta kando ya kisima na toroli ya mawe, yale mawe ambayo Mutie aliyapasua na kuyarundika nyuma ya nyumba. Alikuwa ametupa machache tayari. Nilisikia moja likigonga maji.

"Mwaitu, unafanya nini?"

"Kufuli watavunja. Kibao wameng'oa. Hii hawatavunja."

Nilitaka kumwambia kwamba kisima kikijazwa mawe, petroli haitazibwa, itapita kando na kuendelea na safari yake. Nilitaka kumwambia kwamba kisima chake ndipo mahali pekee pa kuifuatilia tujue inakwenda wapi. Kitaalamu ningepaswa kumzuia. Nilimtazama, mwanamke wa miaka sitini na kitu, nguo ya Jumapili imejaa udongo, nikavua viatu nikashika upande wa pili wa toroli.

Kazi ilituchukua mchana wote. Watu walipotoka kanisani walikuja wakasimama kwenye ua. Mwanamke yule wa benchi alipiga kelele kwamba huu ni uchawi, kuzika maji watu wakiwa na kiu. Hakuna aliyeingia kutuzuia, hakuna aliyeingia kutusaidia. Halafu Nyamai akaja, amevaa suti. Alilivua koti akalitundika kwenye mpapai na kuanza kubeba. Mzee Musembi akaja mwisho kabisa, yule aliyevuta udongo Mutie akiwa chini. Hakubeba jiwe. Alisimama tu pembeni amevua kofia, kama anavyosimama mtu matangani.

Mawe yalipofika juu, Mbithe aliketi juu yake. Ndipo akalia, kwa sauti. Mwongeli alitoka nje akiwa ameshika kiuno. Mbithe alikuwa akimwita Mutie, akimwambia kwa Kikamba kwamba amezika kazi yake, amsamehe.

Nyamai aliondoka bila koti lake.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku mmoja, maji ya chupa. Hakuna mgeni aliyekuja.

Alhamisi, 28 Desemba

Mwongeli amejifungua salama katika zahanati. Msichana. Amelia vizuri, ana vidole vyote, muuguzi anasema uzito ni mzuri. Tumerudi naye nyumbani, Mbithe akamwogesha kwa maji ya Emali, kidogo kidogo, kwa kiganja. Alimpaka mafuta, akamfunika, akamtazama sana. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini Mwongeli asisikie:

"Ile kitu yako ya kupima. Haiwezi kupima mtoto?"

"Hapana, mwaitu."

"Basi tutajua lini?"

Kwa ugonjwa wa aina hii hakuna siku ya kujua. Atakua, na kila homa atakayopata mamake atafikiria kikombe kile. Nikasema tumshukuru Mungu amezaliwa mzima. Mbithe akaitikia amina, lakini hakuacha kunitazama.

Jumanne, 2 Januari

Jua limerudi. Maji ya ardhini yanashuka. Kisima cha pili: petroli imerudi, nusu ya kiganja, na itazidi kurudi. Cha tatu nacho. Na leo, kwa mara ya kwanza, cha nne.

Nyamai aliangalia kipimo bila kuuliza kitu. Ameandika barua kutaka petroli ivutwe kwa pampu. Kampuni ya kufanya hivyo imemwambia mwamba wa hapa una nyufa nyingi. Watatoa sehemu, na itachukua miaka. Inayobaki itabaki.

Ben amesema mkataba umeisha. Mwingine utatiwa sahihi labda kabla ya mvua za masika, labda baadaye. Amesema samahani, na najua anasema kweli.

Jumatano, 3 Januari

Kabla ya kuondoka kwenda nyumbani Matinyani, nimeteremka kwa Musembi. Boma lake liko chini ya la Mbithe, na kisima chake ndicho kinachofuata. Tangu cha Mbithe kijazwe mawe, mtaa mzima umehamia kwake. Nilikuta mitungi imepangwa hadi kwenye njia. Wengi niliwatambua kutoka kanisani. Walinisalimia.

Nilimwomba Musembi ndoo ya kwanza ya asubuhi. Nikainusa. Ilikuwa pale, nyembamba sana, kama ile ya Mbithe siku ile alipoisingizia kamba. Nikajaza chupa zangu nikazifunga. Majibu yatakuja wiki mbili zijazo, lakini sikuyahitaji.

Nikamvuta pembeni, nikamwambia.

"Mbithe alikuja juzi," akasema. "Alinipigia magoti, mtu wa umri wake. Aliniambia nifunge." Akafuta uso kwa kofia. "Mimi nilivuta udongo wa kile kisima, Muthoki. Niliona kikizikwa. Ninakuamini. Sina ubishi na wewe."

Nyuma yake foleni ilikuwa imesogea karibu. Mwanamke mmoja alimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi begani, akangoja.

"Nikifunga leo," Musembi akasema, "hawa niwaelekeze wapi?"

Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayemuuliza mwenye elimu, na alinipa muda wa kutosha wa kufikiri. Daraja halijajengwa. Lori halina siku. Pikapu ya Nyamai imeharibika tangu Ijumaa. Mto ni nusu siku kwa mguu, na huko wanafukua maji mchangani pamoja na ng'ombe.

Nilizitazama chupa zangu.

Alingoja kidogo zaidi, kwa heshima. Kisha akarudi kisimani, akashika kamba, na akateremsha ndoo.